Upande wa Nta, Upande wa Vanishi

Mwaka nilioolewa, baba alikuwa na gari lililochakaa rangi. Lilikuwa gari la milango minne, alilolinunua kwa daktari mmoja aliyehamishwa kutoka Eldoret, na kwa miaka mingi lilikuwa limebeba magunia ya sukari na mitungi ya mafuta ya taa kuliko lilivyobeba watu. Rangi yake ya kwanza ilikuwa nyeupe. Lakini jua la kwetu huku juu linadanganya. Unashinda ndani ya sweta ukidhani hakuna jua, kumbe linachoma kila kitu polepole. Ilifikia hali kwamba ukipitisha kiganja juu ya boneti kinatoka na unga mweupe. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikirudi nyumbani kila jioni na chaki mikononi, na mama alipenda kunitania kwamba mimi na gari la baba tunafanya kazi moja.

Baba alikuwa na duka kando ya barabara ya kwenda Kesses. Alikuja sehemu hizi akiwa mtoto, wazazi wake walipotoka Mkoa wa Kati kufanya kazi katika shamba la mzungu. Baadaye, wazungu walipoondoka, akapata kipande cha ardhi, akajenga nyumba, na mbele ya nyumba akajenga duka. Ukutani, juu ya mikebe ya majani ya chai, palikuwa na picha ya rais kama ilivyokuwa katika kila duka, na chini ya picha palikuwa na redio. Baba hakuwa na maneno mengi kwa wateja. Maneno yake aliyaweka kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa saba, na alimjibu msomaji wa habari hatua kwa hatua, kwa sauti ya chini, maana siku hizo hata redio uliijibu baada ya kutupa jicho mlangoni.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha nguo mjini. Watu wake walikuwa wa upande wa ziwa, ingawa yeye alizaliwa Eldoret na alijua vichochoro vya mji kuliko mimi. Siku nilipomwambia baba habari zake, baba alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, akitoa mawe. Nilisema yote niliyokuwa nimejiandaa kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota jiwe moja, akalitupa nje ya mlango.

"Nimesikia," akasema.

Basi. Kwa majuma mengi hilo ndilo neno pekee nililolipata kwake juu ya jambo lile. Tuliongea habari za shule, za maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, ambayo watoto walimwagiana uwanjani, za ng'ombe wetu aliyekataa kukamwa na mtu mwingine isipokuwa mama. Juu ya ndoa hakutia neno. Nilianza kulala vibaya. Mama aliniambia nimwache. "Baba yako hawaki haraka," alisema. "Lakini akishawaka utatafuta maji ya kumzima."

Halafu asubuhi moja aliondoka na gari, akarudi mchana akiwa amepewa lifti na lori la mchanga. Wakati huo chuo kikuu kilikuwa kikijengwa huko mbele, na malori yalipita mbele ya duka letu kutwa nzima.

"Baba, gari iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko kwa fundi wa rangi."

"Imefanya nini?"

Alinitazama kama mtu aliyechoshwa na maswali ya kitoto. "Wewe unataka kuenda kanisani kwa gari inafanana na jino bovu?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, kwa furaha, kisha nikarudi nikamsaidia kupanga sabuni.

Gari lilirudi likiwa na rangi ya buluu iliyokolea, karibu na nyeusi, na lilikuwa zuri kiasi kwamba mama alikataa kulipanda akiwa na kikapu cha viazi. Lilikuwa limeegeshwa uani siku ile wazee wa upande wa pili walipokuja kuzungumza. Baba mkwe wangu alikuja na ndugu zake wawili. Alikuwa seremala, mwenye karakana yake upande wa Langas, mtu mrefu wa mwendo wa taratibu, ambaye alitengeneza vitanda na makabati na ndiye aliyetengeneza mimbari ya kanisa lao. Hata alipovaa suti, mikono yake ilinuka vanishi.

Mazungumzo yalikwenda kwa adabu. Yalikwenda kwa adabu mno. Kila mmoja alikuwa mwangalifu na Kiswahili chake, baba akichanganya ra na la kama watu wa kwao, baba mkwe akisema "sauri" badala ya "shauri," na hakuna aliyecheka wala kusahihisha. Mambo yaliyowaleta yakaisha mapema kuliko chai. Mimi nilikuwa mlangoni na birika, nikiomba Mungu mtu yeyote aseme chochote. Baba mkwe akawa anatazama nje kupitia dirisha.

"Mzee," akasema, "hiyo rangi ya gari ni mpya."

"Ni mpya," baba akajibu.

"Umeipaka nini juu?"

"Juu ya nini?"

"Juu ya rangi. Ya kuikinga."

"Bado. Fundi alisema ipumzike kwanza. Halafu nitaipaka nta. Ile polishi ya mkebe."

Baba mkwe akaweka kikombe chini. "Nta?" akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake anakusudia kuoga kwa chai.

Baba akajiweka sawa kitini. "Ndiyo, nta. Kwani wewe ungepaka nini?"

"Vanishi. Iko vanishi ya gari, nyeupe kama maji. Inapulizwa juu ya rangi. Nta ni ya viatu, mzee. Unapaka leo, kesho mvua inaosha. Vanishi inakaa. Inakuwa kama kioo juu ya picha."

"Na kioo kikipasuka? Nta ikiisha, ninapaka ingine. Vanishi ikiharibika nitafanya nini? Nimenye gari kama kiazi?"

"Haiwezi kuharibika."

"Kila kitu kinaharibika."

Walitoka nje wakiwa bado wanazungumza. Tuliobaki ndani tuliwaona kupitia dirisha, wameinama juu ya boneti, mmoja akipitisha kidole huku, mwingine akipitisha kule, kama madaktari wasiokubaliana juu ya mgonjwa. Wale ndugu wawili wa baba mkwe walimaliza mandazi yote. Wageni walipoondoka, baba alisimama barabarani akiwatazama mpaka walipopotea, akarudi ndani, akamwambia mama, "Huyo mtu hajui chochote." Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu siku ya maharagwe.

Jumamosi iliyofuata baba mkwe alikuja peke yake kwa baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga kipande cha ubao wa msaji. Nusu alikuwa ameipaka vanishi, nusu ameipaka nta. Alikiweka juu ya kaunta ya duka, akaomba maji kwenye kikombe, akamimina. Maji yaliteleza pande zote mbili.

"Unaona?" akasema baba.

"Ngoja," akasema baba mkwe. Akatoa msumari mfukoni, akakwaruza nta. Ulitoka utepe mweupe. Akakwaruza vanishi. Hakikutoka kitu.

"Gari yangu hakuna mtu anaikwaruza na msumari," baba akasema.

"Kuku anapanda juu yake. Kuku ana kucha."

"Kuku wangu hawapandi gari."

Wakati huohuo, na sisemi hivi kwa kuongeza chumvi, tetea wetu mwekundu alikuwa amesimama juu ya paa la gari uani akitazama huku na kule. Baba mkwe alimwonyesha kwa kidole tu. Baba alitoka akamfukuza kwa kofia.

Baba naye hakukubali kushindwa na ubao. Alisema ubao si chuma. Akaomba rangi iliyobaki kwa fundi, akapaka kipande cha bati, akakigawa katikati kwa kamba, upande mmoja nta yake, upande mwingine vanishi ambayo baba mkwe aliileta kwenye chupa ya soda. Wakakiegemeza kwenye ua wa zizi kipigwe na jua na mvua, wakakubaliana kwamba hakuna atakayekigusa mpaka Jumamosi. Lakini hawakumwambia ng'ombe. Siku ya nne mama alikwenda kukamua akakuta ng'ombe amekwisha kulamba upande wote wa nta, limebaki bati lenye mate, na upande wa vanishi haujaguswa.

Baba mkwe alipofika na kuonyeshwa, alishika kiuno akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Hata ng'ombe amejua ni gani inatoka!"

"Ng'ombe amechagua iliyo nzuri," baba akajibu, bila kupepesa macho. "Hiyo yako ameikataa."

Ilikuwa hivyo kwa majuma kadhaa. Shule zilikuwa zimefungwa, mahindi yalikuwa yanavunwa, na mimi nilipaswa kuwa nikihangaika na gauni na wageni. Lakini nikimtafuta baba anipeleke mjini, namkuta na baba mkwe wamechuchumaa karibu na gurudumu. Mchumba wangu alikuja siku moja kunisalimia, akapita mbele ya wazee wale wawili, akawaamkia, hakuna aliyemwitikia. Tulikaa jikoni na mama tukiwasikiliza.

"Hii harusi ni ya mtoto ama ni ya gari?" mama akauliza. Akatoka mlangoni na mwiko mkononi. "Wazee! Gaweni! Kila mtu achukue upande wake, mniachie mtoto wangu aolewe!"

Alisema kwa hasira ya mzaha. Wao wakatazamana.

"Upande wa dereva ni wangu," baba akasema haraka.

"Sawa," akasema baba mkwe, haraka vilevile.

Baba aligundua baadaye alichokuwa amechagua. Kwetu gari linapita kushoto, na dereva anakaa kulia. Kwa hiyo upande wa kushoto ndio unaotazamana na watu waliosimama kando ya barabara, na ndio ungeelekea mlango wa kanisa. Alikuwa amempa mwenzake upande wa watu. Alilalamika juu ya hilo chakula cha jioni kizima.

Fundi wa rangi alikuwa na uwanja wake karibu na reli, mtu mchangamfu aliyevaa kofia ya sufi kutwa, jua liwe kali au lisiwe. Aliposikia kwamba gari ligawanywe katikati, kutoka boneti mpaka buti, alicheka, kisha akaona wale wazee hawacheki. Akachukua magazeti na gundi ya karatasi akafunika nusu ya baba. Ilikuwa Alhamisi, harusi ni Jumamosi. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa kuondoka mwaka ule, na tangu asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya mji.

"Hii hewa iko na maji," fundi akasema, akinusa. "Ingekuwa jua ingekuwa poa."

"Harusi haingoji jua," baba mkwe akasema.

"Labda itakubali," fundi akasema, akawasha mashine yake ya upepo.

Mimi nilikuwa nimetoka kuchukua gauni kwa mshonaji, nikapita pale na kifurushi changu kuona. Vanishi ilipotoka kwenye bomba ilikuwa kama hakuna kitu, kama mvuke. Upande wa kushoto ukang'aa kiasi kwamba niliona sura yangu ndani ya mlango, na kifurushi, na nyuma yangu mabehewa yaliyosimama relini. Baba mwenyewe alisogea karibu kutazama. Baba mkwe akarudi nyuma hatua kadhaa, akaukunja uso kama mtu anayetazama kazi yake mwenyewe.

Kisha ikaanza kubadilika. Kwanza ilikuwa kama mtu amepumua juu ya kioo asubuhi ya baridi. Tukangoja pumzi iondoke. Haikuondoka. Iliongezeka, ikasambaa kutoka mlango wa nyuma kwenda mbele, mpaka buluu yote upande ule ikawa kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Fundi akavua kofia yake ya sufi. Nilimjua mtu yule tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuona kichwa chake.

"Imekunywa maji," akasema.

Nilimtazama baba nikingoja. Nilijua maneno aliyokuwa nayo, kwa maana alikuwa ameyaandaa kwa majuma. Baba mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono mikubwa imening'inia kati ya magoti, na hakuinua macho. Alikuwa ameharibu gari la mtu, gari la harusi ya mwanawe, mbele ya mkwe wake, siku mbili kabla. Nilimwonea huruma hata nikasahau kujihurumia.

Baba alizunguka gari mara moja. Akaja akasimama mbele ya lile jiwe.

"Mkwe mwenzangu," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Umekula?"

"Sijala."

"Twende tule kwanza. Hii itakuwa hapa tukirudi."

Wakaenda mkahawani ng'ambo ya reli. Mimi nilibaki na fundi tukilitazama gari, tukasikia baada ya muda sauti zao kutoka kule ndani. Walikuwa wameanza kubishana kuhusu samaki, kama inafaa aliwe na ugali wa mahindi meupe au wa mtama.

Siku ya Ijumaa walifika kwa fundi mapema, na mchumba wangu aliomba ruhusa kazini akajiunga nao. Walisugua kwa dawa ya fundi, uji mzito wenye chenga laini kama unga, lakini weupe ulikuwa umeingia ndani na kusugua kulipunguza kidogo tu. Mchana ukungu ukafunguka, jua likatoka. Fundi akasema kuna jambo moja la mwisho, apulize thina tupu, ile ya kuyeyushia rangi, kidogo sana, ilainishe vanishi ile maji yapate njia ya kutoka. Safari hii hakuna aliyemhimiza. Walingoja mpaka mabati ya paa yakauke kabisa. Akapuliza. Mchumba wangu alinisimulia kwamba wazee wote wawili walikuwa wamekunja ngumi kama watu wanaosikiliza mpira redioni. Buluu ikaanza kurudi, kipande kwa kipande, boneti, mlango wa mbele, buti. Ikarudi kote isipokuwa mahali pamoja kwenye mlango wa nyuma, penye ukubwa wa sahani, ambapo weupe ulikataa kutoka.

"Huo mlango ndio bibi harusi atakaa," mchumba wangu akawaambia.

"Basi vizuri," baba akasema. "Watu watamtazama yeye. Hakuna mtu atatazama mlango."

Asubuhi ya harusi nilikuwa ndani navalishwa niliposikia kengele ya baiskeli uani. Mama alichungulia dirishani akashika mdomo. Baba mkwe alikuwa ameingia, suti nyeusi, suruali ameiingiza ndani ya soksi isishikwe na mnyororo, na vitambaa vya flana vimejaa mifuko yote miwili ya koti.

"Baba ya bwana harusi anatafuta nini kwa bibi harusi?" mama akamuuliza. "Si ungekuwa kanisani na watu wako?"

"Mama, nimekuja na gari yangu," akajibu. "Ile nusu."

Hakuna aliyejua mila inasema nini juu ya jambo kama lile, kwa sababu hakuna mila ya kwao wala ya kwetu iliyolifikiria. Basi akakaa mbele na baba, mimi na mama tukakaa nyuma, gauni langu limejaa mpaka kwenye vioo, na baiskeli ikabaki imeegemea zizi. Barabara ilikuwa imekauka tangu jana. Baba aliendesha polepole, akikwepa mashimo kama aliyebeba mayai. Lori moja la mchanga likatupita kwa kasi, tukafunga vioo, tukakaa ndani ya wingu jekundu tukisubiri lipite.

Tulipokaribia lami baba alisimamisha gari kando, chini ya mikaratusi. "Dakika moja tu," akamwambia mama. Wakashuka wote wawili.

Baba mkwe alipitisha flana upande wake na vumbi likaondoka mara moja. Lakini upande wa baba nta ilikuwa imelishika. Kila alipofuta, vumbi lilijivuta likaacha michirizi. Nilimwona akifuta, akisimama, akifuta tena kwa nguvu zaidi. Baba mkwe akazunguka mbele ya gari, akamwondoa taratibu kwa bega, akatoa flana nyingine, akaanza kufuta upande wa nta kwa mduara. Baba akasimama kidogo mikono mitupu. Kisha akazunguka kuja upande wa kushoto, akainama kwenye mlango wangu, akapumulia lile doa la sahani, akaanza kulisugua kwa leso yake ya mfukoni.

Uso wake ulikuwa karibu na wangu, kioo tu kati yetu. Hakujua kwamba namtazama. Alikuwa amenyoa vizuri sana, na chini ya kidevu palikuwa na povu kidogo la sabuni lililokauka. Nikateremsha kioo.

"Haijatoka," akaniambia, kama mtu anayeomba radhi.

"Haidhuru, Baba."

"Fundi amesema anaweza kupuliza tena wiki ijayo."

"Haidhuru."

Akatupa jicho upande wa pili ambako mwenzake alikuwa akifuta. Akashusha sauti, kama anavyoishusha kwa redio. "Nilikuwa na wasiwasi na hii safari yako. Sitakuficha. Watu siwajui, lugha siijui. Sasa huyu mzee nimekaa naye. Ni mbishi sana. Hanyamazi kitu kikiwa si sawa. Kijana wake akikukosea, huyo atabishana naye mpaka akome. Mimi nikiwa mbali."

Nilimtoa lile povu la sabuni kidevuni kwa kidole changu chenye glavu, naye akasimama wima haraka na kusema tumechelewa.

Tulikuwa tumechelewa kweli. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa, na kwaya ilikuwa imerudia wimbo uleule mpaka waimbaji walikuwa wamechoka. Gari lilisimama, kushoto kuelekea watu. Mchumba wangu, aliyetakiwa kuwa ndani akingoja, alikuwa ametoka nje. Mlango ulipofunguliwa alitazama doa kwanza, kisha ndipo akanitazama mimi. Kwa jambo hilo sijamsamehe mpaka leo, na kila mara nikimkumbusha anasema alikuwa anahakikisha tu.

Ile vanishi ilikaa msimu mmoja wa kiangazi na kidogo. Halafu ikaanza kuinuka kwenye kingo kama ngozi ya kitunguu, hasa juu ya boneti. Baba hakusema kitu kwa muda, nadhani alikuwa akiifurahia peke yake. Siku alipoamua kusema, alimsubiri mwenzake amalize chai, akamchukua kwa mkono mpaka kwenye gari, akabandua kipande kwa ukucha, akampa mkononi. Baba mkwe akakigeuza huku na huku. Akasema ni kosa la hewa ya siku ile, si kosa la vanishi. Bado anasema hivyo. Lakini walikwangua upande wote pamoja na kupaka nta kila mahali, na tangu hapo kila baada ya mvua walikuwa wakiipaka upya, baba mkwe akiulizwa anasema anasaidia tu.

Kufikia wakati huo alikuwa ameacha kazi kubwa za karakana. Kifua kilikuwa kinambana, daktari akamwambia aachane na zile dawa za mbao. Baba akampa chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mafuta ya taa, kando ya duka, awe anatengeneza viti na stuli, kazi nyepesi zisizo na harufu. Watu wa Kesses na hata wa Sugoi walikuja kununua stuli wakaondoka na sukari, au kinyume chake. Mke wake alimwambia mama kwamba sasa mumewe anarudi nyumbani akiwa amekwisha kubishana, anakula na kulala bila matata.

Nakumbuka Jumamosi moja mwezi wa tatu, nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Nilishuka kwenye matatu barabarani, nikatembea ile njia fupi ya kwenda dukani, na kabla sijafika kwenye ua nikawasikia. Ilikuwa ni habari ya kupanda mahindi. Baba alisema mawingu yale ni ya uongo, mtu angoje. Baba mkwe alisema ukingoja mpaka mawingu yaape mahakamani utavuna majani. Baba akamuuliza tangu lini seremala akajua mawingu. Baba mkwe akamuuliza tangu lini muuza sabuni akayajua.

Nilisimama nyuma ya ua, kikapu mkononi, nikiwasikiliza. Sikutaka kuwakatiza. Upepo ulileta harufu ya mbao mbichi na ya mandazi, na mtoto alijigeuza tumboni.

Mama ndiye aliyeniona, kupitia dirisha la jikoni.

"Pita huku nyuma uje ule," akaniita. "Ukiwangoja hao utazaa hapo hapo."